Kipande cha Mia Saba na Kumi

Programu niliiita Kikoa,
kwa kuwa bibi yangu hakula peke yake hata siku moja:
leo kwa Bi Saumu, kesho kwa Bi Mwanakheri, keshokutwa zamu yetu,
kila mtu na alichonacho, sinia moja.
Nilidhani kompyuta nazo zingeelewa.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
juu ya duka la muuza magodoro,
feni inahamisha joto kutoka kona hii kwenda ile.
Faili ni moja: fizikia ya Mwalimu Shemhilu,
saa tisini za chaki na kikohozi,
zilizorekodiwa kwa simu mwaka wake wa mwisho.
Watoto wa kidato cha nne wanaingoja
Pangani, Korogwe, Mkinga, Muheza,
nayo inakwenda kilobaiti tisa kwa sekunde.
Tisa.
Kobe angeipita, kisha akarudi kuuliza kulikoni.

Nikaongeza miunganisho: hamsini, mia mbili, mia tano.
Ruta ikashikwa na homa, ikazima.
Nikashusha hadi arobaini, ikapumua.
Nikaachia upakiaji wote, mkono wazi kabisa,
na upakuaji ukafa papo hapo.
Usiku wa tatu ndipo nilipoona:
kila kipande kikifika hurudisha salamu, "nimefika",
na salamu zilikuwa zimekwama mlangoni
nyuma ya shehena ya wema wangu.
Nikabana. Sehemu nne za njia kwa kutoa,
ya tano nikaiacha tupu, ipite hiyo "nimefika".
Mia tatu kwa sekunde!
Nilipiga meza, muuza magodoro akagonga dari kwa ufagio.

Lakini mji wetu una jina lake:
waja leo, waondoka leo.
Mtu akishapata chake, hafungi hata mlango vizuri.
Nikaandika kanuni, mistari kumi na mmoja,
ambayo bibi angeimaliza kwa maneno matatu:
mkono mtupu haulambwi.
Atoaye apewe upesi, asiyetoa angoje,
ila mara mojamoja mgeni apewe bure,
maana mgeni ana nini cha kutoa?
Na kipande adimu kitangulie;
kilicho kwa wengi hakikimbii.

Asilimia tisini na tisa nukta tisa.
Ikasimama.

Mashine arobaini na moja, zote zimekosa kipande kilekile.
Diski yangu ilikuwa imeoza mahali hapo;
ilikisoma mara moja, ikakituma kwa mtu mmoja, basi.
Jina lake Hoza, yuko Magila.
Huwaka saa nne usiku, dakika tatu, kisha kiza.
Mchoyo, nikasema.
Nikaanza kuandika kanuni ya kumwadhibu.
Ila kwanza nikamtumia ujumbe, nao ukajibiwa kesho yake:
"Dada, sifungi mimi. Umeme unakwisha.
LUKU ya elfu moja tunagawana nyumba tatu."

Nikafuta ile kanuni.
Nikanunua uniti, nikamtumia tarakimu ishirini,
nne nne, nikizihakiki kwa kidole kwenye kioo.

Saa nne Magila ikawaka. Saa nne na robo, ingali inawaka.
Kilobaiti kumi na mbili kwa sekunde, dakika sita,
nami nimesimama, sijui kwa nini nimesimama.

Nikakifungua kipande cha mia saba na kumi.
Hamna fizikia humo.
Mwalimu anakohoa, anatafuta dasta,
anauliza nani kaificha,
darasa linacheka, na kicheko kimoja cha nyuma ni changu.
Dakika moja na nusu.

Asubuhi wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, kama kawaida.
Hoza alikuwa bado anawaka,
anampa mtu wa Mkinga aliyeingia alfajiri
na hana chochote bado.